King'ora kilichozimika mapema: mkondo mmoja uliopewa kazi mbili

Umeme ulikatika usiku, king'ora cha tahadhari kikalia dakika 11, kisha kimya. Kilitakiwa kudumu angalau saa 1, na kwa hesabu ya betri yake kingeweza kukaribia saa 2: seli 10 za nikeli-kadimiamu za ukubwa wa AA, zimeunganishwa mfululizo, kila moja ya miliampea-saa 600, na mzigo unavuta miliampea 300. Wala betri haikuwa imesahauliwa. Tangu ifungwe, zaidi ya mwaka mmoja kabla, ilikuwa kwenye chaji usiku na mchana. Uchunguzi ulipokwisha, ilibainika kwamba chaji hiyohiyo ndiyo iliyoimaliza.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kosa lake linarudiwa sana, na kwa sababu kila kipimo kilichochukuliwa kabla ya usiku ule kilisoma "sawa".

Chaja yenyewe ni ya aina ambayo fundi yeyote wa elektroniki ameshaiona. Transfoma, dayodi nne, kapasita kubwa, na hapo unapata volti 22 za DC. Mbele yake kuna LM317, chipu ya kudhibiti volti, ambayo hapa haikufungwa kudhibiti volti bali kutoa mkondo thabiti: rezista ya ohm 22 imewekwa kati ya mguu wa kutokea na mguu wa kurekebishia. LM317 hung'ang'ania volti 1.25 kati ya miguu hiyo miwili, kwa hiyo mkondo unaopita ni 1.25 kugawanya kwa 22, yaani miliampea 57, ziwe mbele yake seli tatu au kumi. Mwisho kuna dayodi ya kuzuia betri isirudishe umeme nyuma pale umeme wa ukutani unapopotea. Hakuna taima, hakuna swichi, hakuna taa ya kuonyesha kwamba betri imejaa.

Kwa nini miliampea 57? Kwa sababu ganda la kila seli limeandikwa hivi: chaji ya kawaida, miliampea 60, saa 14 hadi 16. Aliyesanifu alizichukua miliampea, akaziacha saa.

Sasa tuangalie vipimo. Kwenye ukaguzi wa mwisho kabla ya tukio, fundi aliandika mambo mawili: mkondo wa chaji miliampea 57, volti za betri volti 12.3. Mkondo ni ule uliosanifiwa. Volti nazo zinaonekana nzuri, maana betri yenyewe ina lebo ya volti 12. Akafunga boksi, akaondoka. Sidhani kama ningemlaumu mtu kwa kuridhika na namba hizo, lakini hiyo 12.3 ilikuwa inapiga kelele kuliko king'ora.

Seli ya nikeli-kadimiamu huitwa ya volti 1.2 kwa sababu ndizo volti inazotoa kwa muda mrefu inapotumika. Ikiwa kwenye chaji ya saa 10 (mafundi huandika C/10, maana yake sehemu moja ya kumi ya uwezo wa seli) na imejaa, kwenye joto la kawaida la chumba husoma karibu volti 1.45. Seli 10 ni volti 14.5. Betri iliyo kwenye chaji hiyo kwa zaidi ya mwaka haina udhuru wa kutokuwa imejaa. Basi volti 2.2 zimekwenda wapi?

Zimekwenda sehemu mbili. Boksi lilipofunguliwa likiwa bado kwenye chaji, chumba kikiwa nyuzi 28, seli za pembeni zilikuwa nyuzi 41 na zile za katikati nyuzi 48. Volti za seli hii inapochajiwa hushuka kwa milivolti 3 hadi 4 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Ongeza nyuzi ishirini na kitu, zidisha kwa seli 10, na umepoteza karibu volti 0.8. Zilizobaki, volti 1.4, ni seli moja nzima. Betri ilipotolewa na kupimwa seli moja moja, tisa zilisoma kati ya volti 1.28 na 1.33, na moja ikasoma 0.02. Imepiga shoti kwa ndani. Ilikuwa katikati ya safu, mahali penye joto kuliko pote.

Hapa chanzo cha mkondo thabiti kinastahili kutetewa na kulaumiwa kwa pamoja. Chukulia mtu angetumia rezista tupu badala ya LM317. Kupata miliampea 57 kutoka volti 22 hadi 14.5 unahitaji ohm 131 hivi. Siku seli moja inapopiga shoti na joto linaposhusha nyingine, betri inakuwa volti 12.3, na mkondo unapanda hadi miliampea 74. Umeme wa ukutani ukizidi kwa asilimia 10, unapata zilezile 74 hata kabla ya ubovu wowote. Yaani kadiri seli zinavyoumia, ndivyo zinavyoongezewa mateso. LM317 haifanyi hivyo: seli zilizobaki ziliendelea kupata 57 zao kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini huko "kana kwamba hakuna kilichotokea" ndiko kulikomdanganya fundi. Kwenye chaja ya namna hii mkondo haukuambii lolote kuhusu hali ya betri, kwa kuwa umelazimishwa. Habari zote ziko kwenye volti, na volti ni lazima uzisome ukijua seli zina joto gani.

Turudi kwenye zile dakika 11. Kwa kawaida mtu angesema betri iliisha. Haikuisha. King'ora kina ulinzi unaokata mzigo betri ikishuka volti 10.5, ambazo ni 1.05 kwa kila seli kati ya kumi. Seli moja ikiwa imekufa, tisa zinatakiwa kubeba zile 10.5, yaani 1.167 kila moja, na seli nyingi zenye afya hupita kiwango hicho zikiwa bado na chaji ya kutosha. Isitoshe hizi hazikuwa na afya. Seli iliyochajiwa kupita kiasi kwa muda mrefu, hasa kwenye joto, hupata maradhi ya kushuka volti: bamba chanya, lile la nikeli, hubadilisha muundo wa fuwele zake, na seli inapotumika hutoa volti zake za kawaida kwa muda mfupi kisha hutelemka ngazi moja, milivolti mia moja hivi, na kuendelea hapo. Umeme umo bado, ila unatoka kwa volti pungufu. Ulinzi wa king'ora ukaona 10.5 na kukata. Uwezo ulioondoka ndani ya dakika hizo ni miliampea-saa 55 tu.

Watu wengi huita hali hii "kumbukumbu ya betri" na kuilaumu desturi ya kuchaji kabla chaji haijaisha. Kwenye vifaa vya dharura maelezo hayo hayana mashiko sana. Betri hii haikuwa ikitumika nusunusu. Haikuwa ikitumika kabisa. Ilikuwa ikipikwa.

Na sasa sehemu ambayo ndiyo kiini cha kisa: ni nini hasa hutokea ndani ya seli iliyojaa ambayo bado inalishwa? Wakati seli inajaa, umeme unaoingia unafanya kazi ya kikemia. Bamba la nikeli linapanda daraja, bamba la kadimiamu linarudi kuwa metali, na mabadiliko hayo hata hufyonza joto kidogo, ndiyo maana seli inayochajiwa polepole hubaki baridi kwa saa nyingi za mwanzo. Bamba chanya hujaa kwanza, kwa makusudi, kwani watengenezaji huweka kadimiamu ya ziada upande wa hasi. Likishajaa halina tena pa kuweka umeme, basi linaanza kuvunja maji ya elektroliti, kile kimiminika kilicho kati ya mabamba, na kutoa oksijeni. Oksijeni hupenya kitambaa kinachotenganisha mabamba, hufika kwenye kadimiamu, na humo hurudi kuwa sehemu ya elektroliti. Mzunguko huo ndio uliowezesha seli hizi kufungwa kabisa bila kuhitaji kuongezwa maji. Waldemar Jungner wa Uswidi alibuni betri ya nikeli-kadimiamu mwaka 1899, lakini seli iliyozibwa kabisa ilisubiri hadi mwaka 1947.

Kwa hiyo anayesema seli ya nikeli-kadimiamu inavumilia C/10 bila kikomo anasema kweli. Kwenye kasi hiyo kadimiamu inaweza kumeza oksijeni yote inayotolewa, shinikizo halipandi hadi kufungua valvu, na seli hailipuki. Lakini umeme wote unaoingia, hata wati ya mwisho, unageuka kuwa joto. Hauna pengine pa kwenda. Hesabu ya boksi hili ni rahisi kwa namna ya kuudhi: volti 22 zidisha kwa miliampea 57 ni wati 1.25, na wati hizo 1.25 zinatoka humo ndani kama joto muda wote, nusu yake na zaidi kwenye seli, zilizobaki kwenye LM317, rezista na dayodi. Ongeza joto la transfoma, ambayo kwa bahati mbaya ilifungwa chini kabisa ya betri. Ongeza plastiki iliyozibana seli 10 ziwe kipande kimoja, safu mbili za tano tano, zile za katikati zikikosa pa kupumulia. Wati 1.25 si kitu ukiziachia hewa. Ndani ya boksi lililofungwa zinatosha.

Joto hilo halisubiri. Kwenye seli za kawaida kitambaa cha kutenganisha mara nyingi ni cha nailoni, na nailoni ndani ya potasiamu haidroksaidi (ndiyo elektroliti ya seli hizi) yenye joto inaoza polepole. Kadimiamu nayo huyeyuka kidogo sana kwenye elektroliti na kujijenga upya kwingine, fuwele kwa fuwele, hadi inapenya kitambaa kilichodhoofika na kugusa upande wa pili. Hiyo ndiyo shoti ya seli ya katikati. Seli mbili za jirani yake zilikuwa na ukoko mweupe kwenye kichwa cha chanya: elektroliti iliyochuruzika, ikakutana na hewa na kuwa potasiamu kaboneti. Ukiona weupe huo kwenye seli usiufute tu na kuendelea. Kilichotoka hakirudi ndani.

Tulizishusha zile tisa moja moja hadi volti 1.0 kwa mkondo wa miliampea 120, ambayo ndiyo kasi ya kawaida ya kupimia. Saba zilitoa miliampea-saa 330 hadi 390. Zile mbili zenye ukoko hazikufika 150. Baada ya kujaza na kushusha kwa mizunguko michache, zile saba zilipanda hadi kati ya 470 na 520, jambo linaloonyesha kwamba sehemu kubwa ya upungufu wao ilikuwa ni kule kushuka volti, ambako hutibika. Zile mbili hazikuinuka. Seli saba nzuri, mbili mbovu na moja maiti haziwezi kuwa betri, na kuchanganya seli mpya na za zamani kwenye mfululizo mmoja ni kujitafutia ugonjwa uleule kwa njia nyingine. Betri nzima iliondolewa.

Kabla hatujafika kwenye usanifu mpya, kulikuwa na mapendekezo matatu mezani, na yote matatu utayasikia mara kwa mara.

La kwanza lilikuwa kuirudisha hai seli iliyopiga shoti kwa kuipiga na mkondo mkubwa kutoka kwenye kapasita iliyochajiwa. Inafanya kazi, kwa maana kwamba fuwele inaungua na seli inasoma volti tena. Kitambaa kilichotobolewa kinabaki vilevile, mabaki ya fuwele yanabaki, na seli itavuja kwa ndani haraka kuliko wenzake. Kwa tochi ya kuchezea, sawa. Kwa king'ora, hapana.

La pili: kushusha kikomo cha ulinzi kutoka volti 10.5 hadi 9 ili king'ora kidumu zaidi. Hili ni baya kuliko la kwanza. Seli za mfululizo hazilingani kamwe, na dhaifu ikimaliza chaji wakati wenzake bado wana nguvu, wanausukuma mkondo ndani yake kinyume. Seli iliyogeuzwa hivyo hutoa haidrojeni, ambayo tofauti na oksijeni haina njia nzuri ya kumezwa ndani, na valvu hufunguka.

La tatu lilikuwa la mtu aliyezoea betri za asidi na risasi: weka volti thabiti, sema 14.2, uiache betri ichague mkondo wake. Kwa asidi na risasi ni desturi nzuri. Kwa nikeli-kadimiamu iliyozibwa ni hatari, kwa sababu ile tuliyoiona juu: seli ikipata joto volti zake hushuka, volti za chaja zimebaki palepale, basi mkondo unaongezeka, joto linaongezeka, volti zinashuka zaidi, na mzunguko huo haujui kusimama. Ndiyo sababu nikeli-kadimiamu hulishwa kwa mkondo, si kwa volti. Chaja za haraka hutumia ule mshuko mdogo wa volti unaotokea seli inapojaa kama ishara ya kusimama, lakini kwenye C/10 na chini yake mshuko huo ni hafifu mno kuutegemea.

Tumebaki na swali lenyewe: mkondo gani unafaa kuachwa siku zote? Chaji ya matone haina kazi ya kujaza betri. Kazi yake ni kurudisha kile kinachovuja. Mtungi uliojaa ukiwa na ufa mdogo, unahitaji tone kwa tone kulingana na ufa, na kila tone la ziada linamwagika sakafuni. Seli ya nikeli-kadimiamu iliyojaa hupoteza yapata asilimia 10 ya chaji yake ndani ya siku ya kwanza, kisha hutulia kwenye asilimia 10 hivi kwa mwezi, kwenye nyuzi 20. Ukitaka iwe imejaa wakati wote, unapambana na uvujaji wa siku ya kwanza, ambao kwa seli hizi ni miliampea-saa 60 kwa saa 24, sawa na miliampea 2.5. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka, uvujaji huenda mara mbili. Zaidi ya hapo, seli iliyokaribia kujaa haipokei kila kinachoingia, na ikiwa na joto hupokea kidogo zaidi. Ndipo watengenezaji wanapotaja kati ya C/20 na C/50, ambazo hapa ni miliampea 12 hadi 30.

Jambo ambalo huwapita wengi ni kwamba joto linasukuma mipaka yote miwili kwa pamoja. Chumba kikiwa cha moto, mkondo wa chini unaohitajika unapanda, na mkondo wa juu unaovumilika unashuka. Kuna joto ambalo hapo katikati hapabaki nafasi yoyote, na hakuna hesabu ya rezista itakayokuokoa. Kinachobaki ni kuitoa betri kwenye joto.

Tulichagua C/30, miliampea 20, kwa rezista ya ohm 62. Kuna mpaka mwingine hapa, wa LM317 yenyewe: watengenezaji wake wanahakikisha kazi yake ikiwa na mkondo usiopungua miliampea 10 tu, ingawa nyingi huenda chini ya hapo bila shida. Mwenye betri ndogo anayetaka miliampea 4 atafute chanzo kingine, transista mbili na rezista mbili zinatosha. Kwa 20 hatuna tatizo, na joto kwenye seli zote kumi limeshuka kutoka wati 0.8 na kitu hadi chini ya 0.3.

Lakini miliampea 20 pekee zinaleta shida nyingine. Betri ikitumika hadi mwisho, kuijaza kunahitaji kurudisha yapata mara 1.4 ya kilichotoka: miliampea-saa 840, kwa miliampea 20, ni saa 42. Umeme ukikatika tena kesho yake, king'ora kina nusu betri. Aliyesanifu mwanzoni alikuwa na sababu ya kupenda 57, na hapo ndipo kosa lake linaeleweka. Kujaza kunataka mkondo mkubwa kwa muda mfupi, kutunza kunataka mdogo kwa muda wote. Mkondo mmoja hauwezi kufanya zote mbili vizuri kwenye boksi la moto.

Suluhisho ni rezista ya pili, ohm 33, inayounganishwa sambamba na ile ya 62 kupitia transista. Zikiwa zote mbili, mkondo ni miliampea 58. Transista ikizimwa, unabaki na 20. Cha kuamua ni nani anawasha na kuzima.

Jaribio la kwanza lilikuwa CD4060, chipu ya kuhesabu muda ambayo ina oskileta na ngazi 14 za kugawa masafa, ikihesabu saa 15 kuanzia umeme unaporudi. Nzuri kwenye karatasi. Taima hiyo inalishwa na umeme wa ukutani, kwa hiyo umeme ukipepesa sekunde mbili inaanza upya saa 15. Mahali ambapo umeme unapepesa mara moja kila siku, betri iliyojaa inapata miliampea 58 kwa saa 15 kati ya 24, maisha yake yote, na tumerudi karibu na tulipoanza huku tukijisifu kwamba tumeweka taima. Nimeona chaja za viwandani zenye kasoro hiihii.

Iliyobaki ni mikrokontrola ndogo, yaani kompyuta ya chipu moja, inayoweka deni. Kila dakika king'ora kinapolia kwa betri, miliampea-saa 5 zinatoka. Ukizidisha kwa 1.5 kwa ajili ya hasara, unahitaji dakika 8 za miliampea 58 kulipa. Basi kila dakika ya kutumia inaongeza dakika 8 kwenye deni, deni halivuki saa 16, na likiisha transista inazimwa. Kupepesa kwa sekunde mbili kunaongeza deni la sekunde kumi na kitu, hakuna anayejali. Namba ya deni inahifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukipotea. Betri mpya inaanza na deni la saa 16.

Seli zenyewe zilibadilishwa kuwa zile zinazotengenezwa kwa taa za dharura, ambazo kitambaa chake ni cha polipropilini na ambazo zimekusudiwa kuishi kwenye joto na chaji isiyokoma. Zilitolewa ndani ya plastiki ya pamoja, zikapangwa safu moja zenye nafasi kati yake, na zikahamishiwa chini ya boksi. Transfoma ikapanda juu. Hatua hiyo ya mwisho haikuhitaji kifaa chochote zaidi ya bisibisi, na ndiyo iliyoshusha joto kuliko nyingine: seli za katikati sasa ziko nyuzi 33 kwenye chumba cha 28.

Volti 22 nazo zilihakikiwa upya, kwani chanzo cha mkondo thabiti ni thabiti pale tu kinapokuwa na volti za kutosha juu yake. Seli za baridi hupanda hadi 1.55 kwenye chaji, kumi ni 15.5, ongeza 0.7 za dayodi, 1.25 za rezista na 2 za LM317, jumla karibu 19.5. Umeme wa ukutani ukipungua asilimia 10, volti 22 zinakuwa 19.8. Inatosha kwa unywele, na ukikumbuka kwamba maltimita inasoma wastani huku mawimbi ya kapasita yakishuka chini ya hapo, haitoshi. Kapasita iliongezwa.

Ndani ya mlango wa boksi pamebandikwa karatasi ya mkaguzi: kwenye miliampea 20, betri isome kati ya volti 13.6 na 14.2, ikiwa chini ya 13, ipime seli moja moja. Karatasi hiyo inaagiza pia king'ora kiendeshwe kwa betri kidogo kila mwezi na kwa muda kamili mara moja kwa mwaka, utaratibu tuliouazima kwa taa za dharura, ambako kiwango cha Ulaya cha EN 50172 kinadai majaribio ya namna hiyo. Jaribio la muda kamili lingeukamata ubovu huu mapema. Hakuna kipimo cha volti kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Mwenye kifaa aliuliza kama siku za mbele anaweza kuweka NiMH (nikeli-metali haidraidi), kwa kuwa nikeli-kadimiamu zinazidi kuadimika. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 iliubana sana uuzaji wa betri ndogo zenye kadimiamu, ingawa wakati huo iliviacha vifaa vya dharura na tahadhari. Inawezekana, lakini si kwa kutoa na kuchomeka. NiMH haivumilii chaji ya kudumu kama kadimiamu, na joto inalichukia zaidi. Saa 16 za miliampea 58 hazifiki nusu ya seli ya NiMH ya miliampea-saa 2000, kwa hiyo hesabu ya deni ingebidi iandikwe upya pamoja na rezista zote mbili. Nilimshauri abaki na kadimiamu za joto maadamu zinapatikana, na zile kumi za zamani zipelekwe kwa wanaokusanya betri, maana kadimiamu ni sumu, haichomwi wala haizikwi.